UZI MAALUM: Kwilti ya ukutani yenye ndege wetu na rafu za vitabu. Vipimo, vitambaa, na pale inapoharibikia

fundi_walukuba (Jinja)

Salaam wana jukwaa. Maswali ya kazi hii yanakuja vipande vipande, leo tuyaweke mahali pamoja. Tunazungumzia kwilti (tabaka tatu za kitambaa zilizoshonwa pamoja) ya kutundika kwenye maktaba ya mtaa au pembe ya kusomea darasani: juu ndege wa Uganda, chini rafu mbili za vitabu. Si ya kujifunika. Haitafuliwa kila wiki, kwa hiyo inavumilia vitambaa ambavyo shuka haivumilii. Lakini lazima ining'inie bapa, na hapo ndipo nyingi zinapofelia.

Ukubwa ikimalizika ni upana sm 120, urefu sm 150. Igawe kutoka juu: anga sm 72, rafu ya kwanza sm 35, ubao sm 4, rafu ya pili sm 35, ubao sm 4. Nafasi ya mshono sm 0.75 kila upande, kote. Ukianza na 0.75 ukamalizia na 1 kwa sababu mkono umechoka, rafu na anga hazitakutana.

Mahitaji:

- Pamba ya samawati iliyopauka, rangi moja, upana sm 150: mita 1.25 (anga, na vipande vya juu ya vitabu vya rafu ya kwanza)
- Kaniki: nusu mita, ndiyo giza la nyuma ya vitabu vya rafu ya chini
- Mabaki ya kitenge: vipande 40, kila kimoja kisipungue sm 12 × 34
- Amerikani ya mgongo (upande wa nyuma wa kwilti), upana sm 150: mita 1.75
- Flaneli ya pamba au blanketi jepesi la katikati: sm 130 × 160
- Kitenge cha ukingo: sm 40
- Lubugo (kitambaa cha gome la mti) kwa mbao za rafu na tawi: kipande cha sm 30 × 125
- Wavu wa gundi ya pasi, ule wenye karatasi upande mmoja: mita 1.5

Mgongo na flaneli vikatwe sm 130 × 160, yaani sm 5 za ziada kila upande, kwa sababu kushona tabaka tatu kunavuta kitambaa kuelekea katikati. Ukikata vyote sawasawa na uso, ukingo wa chini utakosa mgongo.

Fua pamba zote kwanza, lubugo usiiguse na maji. Kitenge kipya kina wanga mwingi, gundi ya pasi inashika wanga badala ya nyuzi na baada ya mwezi kipande kinabanduka. Nyekundu na buluu nzito zijaribu: lowesha pembe, bana na kitambaa cheupe, piga pasi. Cheupe kikipata rangi, suuza tena na tena mpaka maji yawe safi. Kuloweka kwenye chumvi hakufungi rangi ambayo kiwanda hakikuifunga.

Pia choma uzi mmoja wa kila kitenge kabla ya kununua kingi. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha shanga ngumu, na ndivyo itakavyoyeyuka chini ya pasi.

Sasa hesabu ya rafu, maana watu wanalia hapa. Vitabu 20 vya wastani wa sm 6 ni sm 120, sawa? Si sawa ukikata sm 6. Kila kitabu kinapoteza sm 1.5 kwenye mishono, 20 vinapoteza sm 30, rafu inabaki sm 90. Kata wastani wa sm 7.5. Vingine viwe sm 5.5, vingine sm 10, mradi jumla ya mikato ifike 150.

Kimo nacho kina hesabu yake. Kila kitabu kiunganishwe na kipande cha juu yake (samawati au kaniki) ili nguzo imalizike sm 35. Kitabu cha sm 24 kata 25.5, kipande cha juu cha sm 11 kata 12.5. Ukiviunga unapata 36.5, yaani 35 na nafasi zake mbili za mshono. Unga nguzo zote 20 kwanza ndipo uziunganishe zenyewe kwa zenyewe, na pasi mishono upande mmoja kuelekea kitenge, ule upande mzito.

Ndege namwachia mwenye ndege wake.

kasuku_entebbe

Asante Fundi. Kabla ya rangi, tuseme jambo la kipimo. Chagua uwiano mmoja na ndege wote waufuate. Korongo mwenye taji ana kimo cha karibu mita 1. Ukimfanya sm 60, umechagua asilimia 60. Basi shorobo mkubwa wa buluu mwenye sm 75 anakuwa sm 45, mdiria mweusi na mweupe wa sm 25 anakuwa 15, na mnana wa sm 17 anakuwa 10. Mtoto anayesimama mbele ya ukuta huo anajifunza ukubwa bila kuambiwa. Mdiria akiwa mkubwa kama korongo, umemfundisha uongo kwa rangi nzuri.

Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Usiweke kumi. Wanne au watano wanatosha anga ya sm 72, na kila mmoja afanye kile anachokifanya porini. Hapo ndipo kusoma na ndege vinapokutana bila kumvisha ndege miwani, tafadhali. Mifano:

Korongo-nyangumi, huyo bulwe wa Mabamba, husimama palepale bila kutikisika muda mrefu akivizia kamongo, samaki wa matopeni. Huyo tayari ni msomaji. Msimamishe mbele ya kitabu kilichofunguliwa, mdomo ukielekea chini, basi.

Mdiria hubaki hewani mahali pamoja akipiga mabawa, kichwa kimeinama kutazama maji. Weka kurasa chini yake badala ya maji. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati. Amua unashona yupi, maana mikanda miwili pamoja na kukatika ni ndege ambaye hayupo.

Mnana dume hufuma kiota kwa vipande vyembamba vya majani. Mpe utepe wa kitambaa wa sm 0.5 wenye herufi, kiota kining'inie kwenye tawi. Magazeti yasitumike, karatasi hiyo inageuka njano na kuvunjika kwenye mikunjo. Andika herufi kwenye amerikani kwa wino wa kitambaa, upige pasi, ndipo ukate tepe.

Kaloli (marabu) wa Kampala ataomba nafasi na wengine mtamkatalia kwa sababu ya sura. Mpeni. Miguu yake ni myeusi lakini machoni inaonekana myeupe, kwa sababu hujichafulia miguu ili apoe, kwa hiyo uzi wa miguu uwe mweupe uliochafuka, si mweusi wala waridi.

Sasa korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda. Makosa yanayorudiwa:

Shingo ni kijivu kilichopauka. Ukitafuta picha mtandaoni utakutana na korongo wa pili mwenye shingo nyeusi. Huyo ni wa aina nyingine, siye wa bendera yetu.

Shavu ni jeupe, juu yake doa jekundu dogo. Kipaji ni cheusi cha mahameli. Chini ya koo kuna kifuko chekundu kinachoning'inia. Watu wanaweka nyekundu moja kubwa shavuni na wanasahau cheupe. Bila cheupe uso unapotea ukiwa mita 5.

Bawa lililokunjwa ni jeupe sehemu kubwa, lina hudhurungi, na manyoya marefu ya rangi ya majani makavu yanayoning'inia nyuma. Mwili kijivu. Miguu myeusi.

Kinachoonekana kama goti lililopinda nyuma ni kifundo cha mguu. Mguu ulioinuliwa ukiupinda mbele pale, umeshona mtu aliyevaa manyoya. Na kidole cha nyuma kiwe kirefu, ndicho kinachomwezesha kukaa juu ya mti wakati korongo wengine wa jamii yake hawawezi.

Taji si ufagio. Ni nywele ngumu za dhahabu zilizoachana, anga inaonekana katikati yake. Usikate kipande cha kitambaa kabisa. Kwa korongo wa sm 60, piga mistari 35 hadi 40 ya uzi, isizidi sm 6, ianze mahali pamoja nyuma ya kipaji.

mkutubi_arua

Kasuku amesema vizuri, naongezea upande wa vitabu. Kwilti nyingi za maktaba zina vitabu ambavyo ni mistatili tu. Kitabu hujulikana kwa mgongo wake: mistari miwili ya kuvuka karibu na juu na chini, na jina. Utepe wa sm 1 wa rangi inayopingana na kitenge, ushonwe kabla ya kuunga nguzo, unatosha.

Majina yasiwe ya vitabu vya watu. Andika aina, tena kwa lugha za wasomaji wa hapo. HADITHI, NDEGE, EBYAFAAYO (historia) na ENGERO (hadithi) kwa Kiganda, ODODO (hadithi) kwa Kiacholi. Herufi zisipungue kimo cha sm 2 kama zitasomwa kutoka mita 3. Kitenge chenye maua mengi hakibebi maandishi. Weka kibandiko cha rangi moja kwanza, au teua vitenge vyenye mchoro mdogo kwa vitabu vyenye jina.

Neno kubwa la angani liwe SOMA, kimo sm 12. Ni Kiswahili na ni Kiganda pia, hakuna atakayelalamika. Magharibi mwa Uganda wanasema shoma, wataelewa. Mkitaka kuandika jina la korongo kwa Kiganda ni eŋŋaali, na hiyo ŋ ina mkia unaopinda kushoto. Watu wanaandika n mbili na g kwa sababu mashine ya kuchapa haina ŋ. Ninyi mnashika sindano, hamna kisingizio hicho.

Maandishi ya mgongo yashuke kutoka juu kwenda chini kwenye vitabu vyote, kama vitabu vya Kiingereza vilivyo rafuni. Ukichanganya, msomaji anageuza shingo mara mbili.

sindano_kavu

Swali kwa Ssebo Fundi. Wavu wa gundi unachorwa upande wa karatasi. Je, herufi na ndege zinachorwa kama zilivyo au zimegeuzwa?

fundi_walukuba

Zimegeuzwa, kwa sababu wavu unabandikwa nyuma ya kitambaa. Ukichora SOMA kama ilivyo na kukata neno zima, utapata AMOS mwenye S iliyogeuka. Ukikata herufi moja moja O, M na A zitasalimika, S ndiyo itakayokusaliti.

Njia salama: chora ndege kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi kubwa, ugeuze karatasi, ubandike kwenye kioo cha dirisha, unakili kwa nyuma. Andika "GEUZA" juu ya ile ya kwanza ili usigeuze mara mbili. Korongo akigeuka ataangalia upande mwingine. Kwenye bendera anatazama mlingoti, na ingawa kwilti si bendera, watu watalisemea.

Utaratibu wa kubandika: kata wavu kwa kuzidisha sm 0.5 nje ya mstari, pasi nyuma ya kitambaa, ndipo ukate kwenye mstari wenyewe. Ukikata mstari kwanza, ncha hazitakuwa na gundi na zitafumuka. Pasi ibonyezwe sekunde 10 hadi 12, iinuliwe, ihamishwe. Usiiburute. Pasi ya mkaa ifutwe masizi na iwekewe kitambaa juu. Gundi ikipata joto la kupita kiasi inazama ndani ya nyuzi na haishiki tena, hata ukirudia.

Vya nyuma vibandikwe kwanza: mkia, miguu, mwili, shingo, bawa, kichwa, kifuko. Kila cha nyuma kiingie chini ya cha mbele mm 5. Vikigusana ncha kwa ncha, anga itachungulia katikati baada ya kushona.

Wa bei nafuu wanatumia uji wa muhogo badala ya wavu. Unashika, ndiyo. Mende na panya watakuja kuula.

Hajati_Bombo

Wanangu, hamjauliza cherehani gani. Ya miguu kwa kawaida inashona mshono mnyoofu peke yake, haina zigizaga. Kwa hiyo njia ni mbili. Ama mshono mnyoofu mm 2 ndani ya ncha, mizunguko miwili, ncha iachwe wazi, ambao kwa manyoya unapendeza kuliko zigizaga. Ama mkono, mshono wa blanketi, mm 4 kina na mm 4 nafasi, uzi wa kutarizia wa nyuzi sita ugawanywe utumie mbili.

Mwenye zigizaga: upana mm 2.5, urefu kati ya mm 0.4 na 0.6, na karatasi chini ya kitambaa, hata ya kalenda ya zamani, irarue ukimaliza. Bila karatasi kitambaa kinajikunja chini ya mshono kama mfereji.

Sindano namba 80 kwa pamba moja juu ya moja, 90 kwa tabaka tatu. Gundi inaganda kwenye sindano, uzi unaanza kukatika na fundi anailaumu mashine. Futa sindano na spiriti kila baada ya ndege mmoja.

Jicho linashonwa mwisho. La korongo ni buluu-kijivu iliyopauka sana, karibu na jeupe. Mboni nyeusi, na nukta moja nyeupe upande wa juu. Nukta ikiwa katikati ndege anakuwa kipofu.

mutuba_masaka

Nasubiri mtu aguse lubugo naona wote mnapita. Fundi ameweka lubugo kwenye mbao za rafu na tawi, sawa. Lakini haishonwi kama kitambaa. Haina mtande wala mshindio, ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mti mpaka likatanuka. Mshono mfupi unaitoboa kama stempu na inachanika hapohapo. Urefu wa mshono uwe mm 3.5 hadi 4. Kabla ya kushona, ibandike juu ya amerikani nyembamba kwa wavu wa gundi, vinginevyo ubao wa rafu utavutika ukining'inia na rafu itashuka katikati.

Angalia unene kwa kuinua kwenye mwanga. Palipo pembamba weka kiraka nyuma. Viraka vya lubugo vilivyoshonwa na watengenezaji wenyewe visifichwe, ni sehemu ya kazi.

Na jambo la adabu. Kuna wanaotaka anga yote iwe lubugo kwa sababu UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Heshima ni kweli, lakini kwa Baganda lubugo huvaliwa katika kutawazwa na pia ndiyo inayofungiwa maiti. Kipande cha sm 120 × 150 cha lubugo kikiwa kimening'inia darasani, wazee hawataona ndege. Tawi, ubao, jalada la kitabu kimoja kikubwa: hapo inakaa vizuri.

sindano_kavu

Mbona usiwe na lubugo yote pembeni kama fremu basi? Ukingo wa lubugo ungependeza.

mutuba_masaka

Ukingo unakunjwa mara mbili na unapita pembeni, mahali panaposhikwa. Lubugo iliyokunjwa inavunjika kwenye mkunjo. Ukingo uwe kitenge.

nnyabo_mbale

Tabaka tatu zimeshonwa, kuzunguka mdiria kitambaa kimesimama kama mawimbi na anga iko bapa. Na nyuma nyuzi zinatoka vitanzi. Ni mashine au ni mshonaji?

Hajati_Bombo

Ni viwili tofauti, nnyabo.

Vitanzi nyuma ni uzi wa juu kulegea, mara nyingi haukuingia katikati ya visahani vya mkazo. Inua mguu wa mashine, toa uzi, uweke upya. Mguu ukiwa chini visahani vimefunga na uzi unakaa juu yake. Uzi wa bobini ukionekana juu, hapo ndipo umekaza mno. Jaribu kwenye kipande chenye tabaka zilezile tatu, usijaribu kwenye kitambaa kimoja.

Mawimbi ni kwa sababu mmemshonea mdiria mistari mingi na anga mkaiacha wazi. Penye mishono mingi kitambaa hupungua na pasipo mishono hubaki na upana wake, basi kinavimba mpakani. Dawa ni kusawazisha: nafasi kati ya mistari isizidi sm 6 popote. Angani pigeni mistari ya upepo, mawimbi marefu ya kulala, kwa mkono mishono miwili kila sentimita, au kwa mashine mm 3. Anzeni katikati kwenda nje. Mkianza pembeni mnafungia hewa katikati na mkunjo hautoki tena.

Pini ziwe kila sm 10, tabaka zikiwa zimetandazwa sakafuni, mgongo umenyooshwa na kubandikwa sakafuni kwa utepe wa karatasi, usivutwe kama ngozi ya ngoma. Ukivutwa, ukiachiwa unarudi na uso unakunjamana.

fundi_walukuba

Hajati amemaliza. Kwa wa cherehani ya miguu wanaotaka kushona mistari ya kuzunguka kwa uhuru: meno ya mashine mara nyingi hayashuki, kwa hiyo yafunike kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la sindano, urefu wa mshono weka sifuri, kitambaa kishikwe na kitanzi cha kutarizia. Miguu iende kasi moja, mikono polepole. Mikono ikikimbia mishono inakuwa mirefu kwenye kona, ndipo manyoya ya shingo yanapoonekana kama yamenyolewa.

Kabla ya ukingo, pima kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Kwa 120 × 150 kila upande unapaswa kutoa sm 192. Tofauti ikizidi sm 1 usikate kwanza. Nyunyizia maji kidogo kwa nyuma, epuka sehemu za lubugo, tandaza, vuta pembe fupi taratibu, pigilia pini, iache usiku. Asubuhi ndipo unyooshe kwa rula na kukata.

Mzunguko ni sm 540, ongeza 30 za kuungia na kona. Kata tepe sita za sm 6 kutoka kwenye upana wa kitenge, uziunge kwa mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja. Kunja katikati kwa urefu, pasi, shona mbele sm 0.75 kutoka ukingoni, geuza nyuma, malizia kwa mkono.

mkutubi_arua

Na kutundika. Misumari miwili pembeni inaipa kwilti tumbo katikati ndani ya wiki chache. Shona mfuko wa ubao mgongoni: ukanda wa sm 22 × 119, pinda ncha sm 2 kila upande ubaki 115, kunja kwa urefu, ushone chini kidogo ya ukingo wa juu. Upande wa mfuko unaotazama ukuta uachwe na ulegevu wa sm 1, vinginevyo unene wa ubao utaonekana mbele kama mgongo wa ng'ombe. Ubao wa sm 2 × 4, urefu sm 118, unatokeza sm 1.5 kila upande kwa ajili ya skrubu na bado hauonekani kwa mbele.

Ubao upakwe vanishi na uachwe ukauke kabisa, mbao mbichi hutia madoa. Kati ya kwilti na ukuta pabaki sm 2 hadi 3 za hewa, hasa kando ya ziwa ambako ukuta unatoa jasho, la sivyo kuvu inaanzia nyuma na hamtaiona. Chini isifike sakafuni. Sm 60 za kwanza ni za mchwa na watoto wadogo. Isitazame dirisha: nyekundu ya korongo ndiyo inayotangulia kufa kwa jua.

Vumbi la murram litolewe kwa brashi laini, juu kwenda chini, mara moja kwa mwezi. Mgongoni shonea kitambaa chenye majina ya ndege kwa lugha zenu, mwaka, na onyo moja: ISIFULIWE, INA LUBUGO.

kijana_gulu

Mimi nakwama kwenye kitabu kilichofunguliwa. Kila nikichora kinaonekana kama bahasha.

kasuku_entebbe

Kwa sababu juu yake ni mstari mnyoofu. Kurasa zilizofunguliwa zinapinda: kila upande unapanda kutoka mshononi kisha unashuka kuelekea ukingo. Kata tabaka tatu za pamba nyeupe za umbo moja, kila moja izidi iliyo juu yake mm 4 upande wa nje na chini, hapo unapata unene wa kurasa. Jalada la rangi nzito litokeze mm 8. Mshono wa katikati ushonwe kwa uzi wa kijivu, si mweusi.

Mistari ya maandishi iwe mishono mifupi ya mbele-nyuma, nafasi sm 1 kati ya mstari na mstari, ifuate mpindo wa ukurasa. Upande wa kulia isilingane urefu. Na mstari wa mwisho wa aya uishie katikati.

kijana_gulu

Kumbe ni mpindo tu. Apwoyo.

fundi_walukuba

Nasahihisha bandiko la kwanza: wavu wa gundi uwe mita 2, si 1.5. Sikuwa nimehesabu amerikani ya nyuma ya lubugo wala tabaka za kitabu kilichofunguliwa. Na kwa amerikani hiyo ya nyuma ya lubugo, kabla ya kwenda dukani angalieni mabaki ya mgongo, kuna ukanda unaobaki wa sm 20 kwa urefu wote. Huo unatosha mbao zote mbili, na kinachobaki kitumike kwa tawi.